Farasi Mzee na Banda Bovu

Methali zetu nyakati nyingine hushindana zenyewe kwa zenyewe. Moja yasema, "Haraka haraka haina baraka", nyingine yajibu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Mvivu huishika ile ya kwanza, mwenye papara huishika ya pili, na kila mmoja hujiona ana hekima ya wazee upande wake. Lakini iko methali moja ambayo hatujaisikia ikijibiwa, nayo ni hii: "Fadhila ya punda ni mateke." Kwa maneno hayo twamlaumu punda kwa kukosa shukrani. Wala hatujapata kusikia methali ya kueleza fadhila ya mwenye punda, ambaye mara nyingi shukrani yake ni fimbo punda akiwa na nguvu, na jalala nguvu zikimwishia.

Swali letu la mwezi huu ni hilo. Aliyefanya kazi mpaka akachoka, je, tuna deni kwake? Na kama deni lipo, hulipwa lini?

Swali hili hatukulipata vitabuni. Tulilikuta bandani, mikono yetu imejaa samadi, katika nchi ya mbali. Mwaka 2018 tulipata bahati ya kwenda Marekani kwa muda wa miezi minne, katika jimbo la Vermont, tujifunze mambo ya ualimu pamoja na walimu wa huko. Tulikaa kwa mwalimu mmoja mstaafu na mkewe, katika bonde lililo mashariki ya Ziwa Champlain. Watu hao walikuwa wamenunua mwaka ule ule shamba la farasi la zamani, lililokaa miaka mingi bila matunzo, nao walitaka kulitengeneza kabla ya baridi kuu. Siku za masomo tulisoma. Jioni na Jumamosi tulivaa nguo za kazi tukamsaidia mwenyeji wetu.

Msomaji asishangae kusikia kwamba shamba la farasi laweza kuachwa. Huku kwetu Afrika ya Mashariki farasi ni wachache, maana nagana iletwayo na mbung'o, pamoja na tauni ya farasi, huwaua. Ndiyo sababu mizigo mingi ya zamani ilikwenda vichwani mwa watu, na pwani migongoni mwa punda. Lakini Marekani ilijengwa kwa nguvu za farasi. Yapata mwaka 1915 nchi ile ilikuwa na farasi zaidi ya milioni 20. Walilima, walivuta magogo na mawe, walipeleka barua na madaktari. Kisha ikaja motokaa. Ile ya Ford iliyowafikia watu wengi ilianza kuuzwa mwaka 1908, na nyuma yake likafuata trekta. Hata ilipofika mwaka 1960, farasi na nyumbu wote pamoja hawakuzidi sana milioni 3. Hivyo mabanda mengi yakabaki matupu, na malisho yasiyolishwa yakarudi kuwa msitu.

Majira tuliyofika ni yale ambayo majani ya miti hupukutika. Wafasiri wengine huyaita "vuli," lakini tulipoyaona kwa macho tulifahamu kwamba neno hilo ladanganya kidogo. Vuli yetu ni mvua. Ikija, ardhi iliyokauka huota majani, na mkulima hushika jembe kwa matumaini. Majira yale ya kwao ni kinyume chake. Mkulima hahesabu siku za kupanda, bali siku zilizosalia kabla ya theluji. Mwishoni mwa Septemba tuliamka asubuhi moja tukaona sakitu nyeupe juu ya nyasi, kama chumvi iliyomwagwa. Hata kufika katikati ya Oktoba milima yote ilikuwa myekundu na ya manjano, nasi tukasimama kutazama. Mwenyeji wetu hakusimama. Alisema, "Mwalimu, uzuri huu ni kengele ya shule. Ikilia, mtoto mwema hasimami kuisikiliza, huingia darasani."

Wala si kengele tu. Katika miti inayopendeza sana majira yale mmoja huitwa mepo mwekundu. Majani yake yakisha kuanguka na kunyauka huwa sumu kwa farasi. Huharibu damu yake hata akafa. Basi kila jioni tulishika reki, tukayakusanya majani yale mazuri kutoka katika malisho, tukayatupa nje ya ua. Tulijifunza kwamba kinachomfurahisha mtazamaji chaweza kumwua anayeishi hapo.

Sasa tuseme habari za banda. Lilikuwa la mbao, kubwa kuliko shule yetu, nalo lilikuwa limelala upande wa kaskazini. Tulidhani theluji na pepo za miaka mingi ndizo zilizolivunja. Sivyo. Mifereji ya paa ilikuwa imeziba kwa majani, maji yakateremka ukutani. Tena samadi ilikuwa imerundikwa nje ya ukuta ule ule mwaka baada ya mwaka. Unyevu ukaingia katika gogo kubwa la chini lichukualo nguzo zote, na gogo likaoza. Mtu mmoja mwenye koleo, saa moja kila juma, angaliliokoa. Wazee wetu walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta". Sisi tuliuona ufa wenyewe, nao uliweza kupitisha mkono.

Tulitia jeki za chuma chini ya boriti, tukaliinua banda pole pole, siku kwa siku, chini ya upana wa kidole kila mara, maana jengo la kale likiinuliwa kwa pupa hupasuka viungo. Kisha gogo bovu likatolewa vipande vipande, na jipya likatiwa mahali pake. Mawe ya msingi nayo yalikuwa yamesogea, kwa kuwa maji yaliyomo udongoni yakigandana huvimba na kuinua kilicho juu yake. Hivyo tulichimba mfereji wa kuyapeleka maji mbali na ukuta. Hapo ndipo tulipotambua kwamba zile methali mbili hazishindani. Paa lataka haraka kwa sababu theluji haingoji. Gogo lataka subira kwa sababu mti haulazimishwi. Mwenye akili ni yule ajuaye kipi ni paa na kipi ni gogo.

Lakini shida kubwa ya shamba lile haikuwa ya mbao. Warithi waliouza shamba walikuwa wamewauza kwanza farasi wote, isipokuwa mmoja ambaye hakuna aliyemtaka. Alikuwa farasi jike wa miaka 28, na umri huo kwa farasi ni uzee kamili. Meno yake yalikuwa yameisha kwa kusaga, magoti yamekakamaa, na mgongo umeinama kama machela. Siku ya kwanza tuliyofungua lango alikuja taratibu mpaka kwetu, akaweka pua begani mwetu, akapumua.

Mwenyeji wetu alifanya hesabu mezani. Farasi wa kimo chake hula kama kilo 9 za majani makavu kila siku. Tangu mwisho wa Oktoba mpaka mwanzo wa Mei, malisho yakiwa hayafai kitu, ni karibu kilo 1,700. Tena kwa meno yale majani yalipasa kukatwakatwa na chakula kingine kulowekwa. Kwato zilihitaji fundi kila majuma sita au manane. Zaidi ya hayo, fedha iliyobaki ilitosha paa moja tu kabla ya theluji, na jiko la nyumba yao wenyewe lilikuwa likivuja.

Jirani mmoja, mfugaji wa siku nyingi na mtu mwema, alitoa shauri lake waziwazi. "Mpigeni risasi," alisema, "huo ndio wema. Kwanza, hakuwafanyieni kazi hata siku moja. Pili, mnyama hajui deni ni kitu gani. Tatu, watu huja kwanza." Tulikaa kimya, kwa maana maneno yale hayakuwa ya ukatili, na hatukuwa na jibu tayari. Tumeyafikiri tangu siku ile, nasi twapenda kuyajibu moja moja.

La kwanza lasema kwamba asiyetufanyia kazi sisi wenyewe hatudai kitu. Lakini mwenyeji wetu alinunua malisho, na malisho yale yalikuwa malisho, si msitu, kwa sababu farasi waliyalisha. Kuta za mawe zizungukazo shamba zilijengwa kwa mawe yaliyovutwa na wanyama. Huku kwetu mtu akinunua shamba lenye makaburi, hawezi kuyalima kwa kusema kwamba hakuwajua wafu. Amenunua minazi pamoja na makaburi. Vivyo hivyo anayepokea faida ya kazi ya kale amepokea na deni lake. Nani kati yetu aliyejichimbia kila kisima anachokunywa?

La pili lasema kwamba asiyejua deni hadai. Hili twalikataa kabisa. Mtoto yatima aliye kifuani hajui kwamba baba yake alimwachia ng'ombe. Je, mlezi akiwala ng'ombe hao si mwizi? Ni mwizi, tena mbaya zaidi, maana amemwibia asiyeweza kwenda barazani. Deni halikai katika akili ya anayedai, bali hukaa mikononi mwa anayedaiwa. Yule asiyejua kudai ndiye atupimaye kweli, kwa kuwa yule ajuaye kudai twamlipa kwa hofu.

La tatu ndilo gumu, wala hatutaki kulipita upesi. Ni kweli kwamba watu huja kwanza. Asiyewalisha watoto wake ili alishe farasi hastahili sifa. Lakini "kwanza" si sawa na "peke yao." Mke wa mwenyeji wetu ndiye aliyetufungua macho. Hakubishana. Alitwaa kipimo akaenda bandani, akarudi akasema: "Hatuna haja ya banda zima. Tutazame nani hawezi kungoja. Sisi twaweza kutandaza turubai juu ya jiko na kuweka ndoo chini, tukakaa kwenye chumba chenye moto. Yeye hana chumba kingine." Basi wakakata shauri kuezeka upande mmoja tu wa banda, mahali pa vyumba viwili vya farasi, na kuufunga kwa mbao. Kwa kufanya hivyo hawakumweka mnyama juu ya mtu. Walipima haja kwa haja, badala ya kupima cheo kwa cheo. Mara nyingi tukisema hatuna uwezo, twamaanisha kwamba hatujatwaa kipimo.

Kuna neno moja tena la jirani lililobaki, nalo ni lile la wema wa risasi. Hatusemi kwamba siku zote ni kosa. Mnyama mwenye maumivu yasiyo na dawa, kumwacha ateseke ili sisi tujione tuna huruma ni ukatili uliovaa nguo nzuri. Lakini aitwe mjuzi aseme, wala tusiseme sisi tunaotaka kuokoa fedha. Daktari wa wanyama alikuja, akatazama meno, magoti na macho. Akauliza: "Anakula? Analala na kuinuka mwenyewe? Huja langoni akiwaona?" Tukajibu kwamba ndiyo. Akasema, "Basi siku yake haijafika. Ikifika nitawaambieni." Tangu hapo tumejifunza kujiuliza, kila tunapotaka kumwondolea mwingine taabu: je, taabu hii ni yake au ni yetu?

Tena mtu asidhani twahubiri kwamba kila kilichozeeka kihifadhiwe. Katika shamba lile tuliubomoa ugo wote wa seng'enge, kwa sababu miiba yake hupasua miguu ya farasi, tukaweka mbao. Kibanda kimoja kilichooza mpaka juu tulikichoma moto bila majonzi. Majani makavu yenye ukungu tuliyatupa, maana humwharibia farasi pumzi. Uzee peke yake si heshima wala si kosa. Kitu kipimwe kwa kile kinachoweza kuchukua bado. Lakini kiumbe mwenye uhai hapimwi hivyo tu, kwa kuwa yeye huona baridi, na ubao hauoni.

Farasi hapendi upweke. Ni mnyama wa kundi. Kwa hiyo mwenyeji wetu aliazima mwenzake wa kukaa naye, na aliyepatikana alikuwa punda. Sisi tulicheka sana, tukawasimulia methali yetu. Mwanzo wa Novemba theluji ya kwanza ilipoanguka, wote wawili walikuwa ndani, pakavu, wakila hori moja. Tulikaa mlangoni mpaka giza likaingia. Wala yule punda hakumpiga mtu teke.

Kabla ya kuondoka tulipelekwa Weybridge, kijiji kilicho jirani, tuone shamba mashuhuri la farasi wa aina iitwayo Morgan. Joseph Battell alijenga banda lake kubwa mwaka 1878, na mwaka 1907 akalitoa shamba kwa serikali ya nchi. Farasi wote wa aina ile wametoka kwa dume mmoja aliyezaliwa mwaka 1789, jina lake Figure. Bwana wake, Justin Morgan, alikuwa mwalimu kama sisi, afundishaye watoto na kuimba, akafa maskini mwaka 1798. Farasi akapita mkononi mwa huyu na yule, akivuta magogo, akilima, akishindana mbio, akizalisha. Yasimuliwa kwamba mwisho wake ulikuwa mwaka 1821: uzeeni alipigwa teke na farasi mwenzake, jeraha halikutibiwa, naye akafa nje, bila paa juu yake. Mwaka 1921, baada ya miaka 100, wapenzi wa farasi wale walimsimamishia sanamu mbele ya banda la Weybridge. Tuliitazama sanamu ile. Ni nzuri sana, shingo imeinuka, mguu imara. Lakini twakiri kwamba tuliitazama kwa uchungu, maana theluji ilikuwa ikianguka juu ya mgongo wake.

Desemba tulirudi nyumbani. Na hapa, wasomaji, yatupasa kusema habari ambayo tungependa kuificha.

Mzee aliyetufundisha kusoma alikuwa angali hai, akikaa karibu na shule yetu ya kwanza. Watu wa kata nzima wamepita mikononi mwake. Nyumba yake ilikuwa na mabati ya zamani yaliyoliwa na kutu. Tulipokuwa tukigongomea paa la farasi kule mbali, tulimkumbuka, tukaapa moyoni kwamba tukirudi tutaanza naye. Tulirudi, tukawaita wanafunzi wake wa zamani. Kamati ikaundwa, mwenyekiti na mwandishi wakachaguliwa, nasi wenyewe ndio tuliokuwa mwandishi. Tuliandika kumbukumbu za mikutano mitatu kwa hati nzuri. Wengine walitaka mabati bora, wengine walisema tungoje mishahara, wengine kwamba afadhali ijengwe nyumba mpya kabisa. Hata Aprili mwaka 2019, mvua za masika zikiwa zimeanza, mzee akafa.

Kwa siku tatu zilipatikana fedha ambazo hazikupatikana kwa miezi mitatu. Zilikodiwa turubai na viti. Ng'ombe wawili walichinjwa. Magari yaliletwa kutoka mjini. Sisi tulisimama tukatoa hotuba, na watu walilia. Mvua iliponyesha, waombolezaji wote walikaa pakavu chini ya turubai. Na hatua ishirini kutoka pale, nyumba yake ilikuwa ikivuja juu ya kitanda kitupu. Baadaye tulifanya hesabu, kama alivyofanya mwenyeji wetu mezani. Gharama ya siku zile tatu ingaliezeka nyumba ile mara tatu.

Hatusemi kwamba mazishi ni upotevu. Kumzika mtu kwa heshima ni wajibu. Wala hatusemi kwamba mwalimu wetu ni sawa na farasi. Twasema kwamba farasi alipewa kilichokuwa haki yake kwa wakati, na mwalimu wetu hakupewa. Na tofauti haikuwa utajiri wa Marekani na umaskini wetu, kwa maana fedha ilikuwako. Kule kengele ililia, watu wakaingia kazini. Huku kengele ililia vile vile, sisi tukaitisha mkutano.

Basi hili ndilo jibu letu kwa swali la mwanzo. Deni kwa waliochoka lipo, ingawa hawakutufanyia sisi wenyewe, na ingawa hawajui kulidai. Na hulipwa wakati anayedai aweza kulitumia. Baada ya hapo twaweza kutoa sifa, sanamu na machozi, lakini hayo hayaitwi malipo.

Mwenyeji wetu ametuandikia tangu hapo. Farasi yule alipita salama baridi ile, akaona malisho mabichi tena. Majira ya majani kupukutika yaliporudi, asubuhi moja hakuweza kuinuka. Daktari akaja, akasema sasa ndiyo siku yake, naye akalazwa kwa sindano, bwana wake akimshika kichwa, na punda amesimama karibu. Paa la jiko liliezekwa mwaka huo huo.

Masika hayako mbali sana, wasomaji. Kila mmoja wetu aijua nyumba moja. Asingoje kamati, na atwae kipimo, aende akaitazame.